Namba Niliyompa Baba

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali penye jua, na dada Nyawira akikusomea polepole bila kuruka mstari. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe wa mabaka, alizaa salama? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionishikisha kalamu.

Nimepata picha za mazishi ya Baba alizotuma Muriithi. Nimemwona mdogo wangu huyo amesimama pale nilipopaswa kusimama mimi, kifungua mimba wako, akitupa udongo wa kwanza. Koti alilovaa ni la Baba, mikono imempita. Nililia, Mama. Sikuweza kuja kwa sababu ningetoka huku nisingeruhusiwa kurudi, na wewe mwenyewe uliniambia nibaki. Nilitii, lakini utii huo unaniuma hadi leo.

Joto la huku Texas halina adabu. Lami inalainika, feni ya chumbani kwangu imekufa, na nikitoka kazini kwenye nyumba ya wazee, ninakofua mashuka, shati limeshikana na mgongo. Ndiyo maana nilianza kwenda maktaba. Usidhani nilifuata masomo, nilifuata baridi. Humo ndani wanapoza hewa mpaka ninavaa ile sweta uliyonifumia ya asubuhi za baridi za kwetu Tetu. Watu hunitazama nikipita nayo mkononi kwenye jua kali namna ile.

Huko maktaba ndiko nilikokuta kompyuta za bure, na kozi ya kuandika programu inayofundishwa kwa mtandao. Programu ni maagizo unayoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari, nayo huyafuata vilevile hata kama umekosea. Mwalimu sijawahi kumwona. Huniandikia humo humo kwenye kompyuta. Alitutaka tutengeneze programu ya kutunza orodha ya chochote tunachokipenda. Mimi nikaandika watu wa kwetu.

Nilianza na Baba, Ndirangu. Nilipofika kwa mtoto wa Muriithi, aliyepewa jina la babu yake kama ilivyo desturi, Baba akatoweka. Kompyuta iliona jina ni lile lile, ikadhani na mtu ni yule yule, ikamweka mtoto mahali pa mzee. Nikamwandikia mwalimu. Akasema dawa ni rahisi, kila mtu apewe namba yake.

Mama, unajua ulivyotulea. Watu hawahesabiwi, wala ng'ombe, wasije wakapungua. Yule karani wa sensa alipokuuliza una watoto wangapi, ulimtajia majina yetu ukamwachia hesabu zake mwenyewe. Nilikumbuka hayo, mkono ukasita. Kisha nikajiambia mimi ni Mkristo, tena nimesoma. Nikampa Baba namba ya kwanza, nikateremka hivyo hivyo hadi kwa mdogo wa wote. Programu ikafanya kazi. Naona aibu kusema jinsi nilivyofurahi.

Jumapili hiyo nikapiga simu dukani kwa shangazi Wangui, ambako Baba alikuwa ameningoja tangu atoke kanisani. Nikamweleza kwa majigambo.

"Ati mmeniandika namba?" akauliza. "Kwani huko mnahesabu watu kama magunia ya kahawa?"

"Ni kompyuta tu, Baba. Na wewe uko namba moja."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Sawa basi. Mzee ndiye hutangulia."

Jumatano Muriithi akanipigia kwamba Baba ameanguka shambani akichuma chai, na hakuamka.

Najua ulikuwa ni moyo. Daktari alikuwa amemwonya kabla mimi sijagusa kompyuta. Nikiwa nafua mashuka nalijua hilo vizuri. Nikikaa mbele ya ile orodha silijui tena. Nilijaribu kufuta namba zote, na kompyuta ikamfuta Baba mara ya pili. Tangu siku hiyo sijafungua somo. Mwalimu ameandika akiuliza nimepotelea wapi, nami sijui nimwelezeje mtu ambaye hakuzaliwa kwetu.

Nina ombi moja tu. Jumapili ile Baba aliporudi kutoka dukani, alisema nini? Alikasirika? Alikataa kula? Usinifiche kwa kunihurumia. Kama aliondoka na kinyongo nami, afadhali nijue, nimwombe radhi huko aliko. Na kama alicheka tu, niambie alicheka, nirudi kwenye masomo yangu.

Mwambie Muriithi namshukuru kwa kusimama mahali pangu, na hilo koti alivae, limemkaa vyema kuliko anavyofikiri. Shangazi Wangui asalimiwe sana. Simu yake ndiyo iliyonipa sauti ya mwisho ya Baba. Ndirangu mdogo mpakate kwa niaba yangu, na kwa kuwa ana jina la Baba, uendelee kumwita mzee wako kama zamani, hata kama siku hizi unamwita huku machozi yakikutoka. Nawe Nyawira, asante kwa kusoma hadi hapa. Mpe Mama maji kwanza, kisha umalizie.

Ukinijibu, Mama, usiniambie nyumbani mmebaki wangapi. Nitajie majina.

Mwanao,
Kariuki