Joho Lisiloguswa Sindano

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdulla,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta mzima, umekula, na umevaa fulana ya ndani, maana binamu yetu Turki anasema asubuhi za Muscat bado zina baridi. Yeye ndiye atakayekukabidhi bahasha hii akija huko kwenye biashara zake. Sukari yako imeshuka? Na ule mguu uliokuwa unakufa ganzi? Usinijibu kwamba hujambo kwa kunifurahisha. Nimemwagiza Turki akutazame kwa macho yake, kisha aniambie ukweli.

Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah. Magoti yangu ndiyo yaleyale, yakipenda yananipeleka sokoni, yakikataa namtuma mtu. Mkeo Dalia ni mzima, amechoka tu, uchovu mtamu wa mama aliyeozesha mwana. Jirani wa kushoto ameinua ghorofa mpaka ametuzibia jua la kuanikia nguo. Nimemwambia basi aanike nguo zetu huko juu kwake. Alidhani natania.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Ijumaa, ulipomwona Khalfani kwenye video kabla hawajaondoka kwenda Magomeni kwa wakwe, ulisema joho la Baba linang'aa kama siku uliyooa wewe. Ukataka mwanao ageuke ulione na nyuma. Akageuka, ukasema, "Mashaallah, halina hata doa." Mimi nikacheka mpaka ukauliza, "Dada, umepatwa na nini?" Nikakwambia nitakuandikia. Mambo haya si ya simu. Simu yetu nusu yake huwa ni haloo, haloo. Tena nilitaka uyasome umekaa mahali pako, umetulia, hakuna anayekutazama uso.

Najua siku karatasi zako za ukaazi zilipokwama, ukaambiwa ukitoka huko huwezi kurudi kazini, ilikuuma. Mtoto wako wa kwanza anaoa na wewe hupo. Hukulalamika. Uliniomba kitu kimoja tu, "Dada, mwanangu aoe na joho la Baba." Baba alilivaa siku yake, wewe ukalivaa yako, na Khalfani alivae. Nikakuahidi. Kwa hiyo elewa jinsi maini yalivyonikatika siku ya Alhamisi.

Tulilitoa kwenye sanduku la Mama, tukalitandaza juu ya kitenga cha kufukizia, chetezo kikawa chini yake, kama ilivyo kawaida yetu. Moshi ukapanda vizuri. Baada ya muda Dalia akasema, "Wifi, udi umeshakolea, tulitoe." Unanijua. Nikamwambia bwana harusi wa nyumba hii hunukia kabla hajaonekana. Nikaongeza udi, nikaongeza na kaa jingine, na lile kaa halikuwa limeiva. Likapasuka. Cheche ikaruka juu, na mpaka Dalia analivuta joho, moshi uliokuwa unatoka haukuwa wa udi tena.

Tulipoligeuza tukakuta tundu mgongoni, chini ya bega la kulia, la kuingia kidole gumba. Nikakaa palepale sakafuni, nikalia. Sikulilia kitambaa, Abdulla. Nililia kwa sababu ulikuwa umeomba kitu kimoja.

Na kulishona kusingewezekana. Humkumbuki Mama? "Joho hili haliguswi sindano." Hata uzi wa dhahabu wa ukosini ulipofumuka alikataa lisipelekwe kwa fundi. Sisi tulidhani Baba alilisomea dua, na dua ile haipendi kutobolewa. Hata hivyo nililifunga kwenye shuka nikampelekea fundi Adamu, aliyetushonea kanzu za harusi. Akaliinua kwenye mwanga wa mlango, akatikisa kichwa. "Bi Saadiya, kitambaa hiki kimeshachoka. Nikichoma sindano hapa nyuzi zinakatika. Leo nakuzibia tundu moja, kesho unaniletea matano." Nikamshukuru kwa ukweli wake, nikarudi nyumbani nimenuna.

Mlangoni nikakutana na Klara. Huyu humjui, ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwenyeji wa Masasi, anauza majaketi ya mitumba pale Mchikichini. Majaketi yale yanakuja na nembo za makampuni ya Ulaya zimebandikwa kifuani, na nani Dar es Salaam anataka kutembea na jina la kampuni ya kuuza samaki wa barafu? Klara anazibandua kwa pasi, jaketi linabaki safi. Lililotoboka analibandikia simba au ua juu ya tundu na kuliuza kwa bei ya juu kuliko lililo zima. Mimi nilikuwa namtania kwamba anauza viraka na jaketi anatoa bure. Utani huo nimeufuta.

"Shikamoo Bi Saadiya. Mbona umekaa kama kuna msiba?"

"Marahaba. Msiba ni huu hapa."

Akalitazama tundu, akaguna. "Ah, hii ndogo mno. Wala sindano haihusiki. Tunabandika kwa pasi kutoka ndani. Harusi ikiisha, mkitaka, tunabandua tena, fresh tu."

Nikamwambia akithubutu kutia gundi ya viatu kwenye joho la Baba atahama siku hiyohiyo. Akacheka, akaenda chumbani kwake, akaja na utepe mpana mweupe, mwembamba kabisa, ukiuinua unauona mkono upande wa pili. Ni gundi tupu iliyotengenezwa kama wavu. Unaiweka kati ya vitambaa viwili, pasi inaiyeyusha, vinashikana. Kumbe inauzwa kwa mita hapahapa Kariakoo, kwenye maduka ya vifungo na zipu ninayopita kila siku.

Kwanza alitaka kuunyoosha mgongo wa joho. Akaweka kitambaa chenye unyevu, akakandamiza pasi taratibu, mvuke ukatoka. Mara akasimama, akapapasa upande wa kushoto.

"Bi Saadiya, mbona hapa pana kiraka?"

Nikamwambia joho hili halijawahi kuwa na kiraka tangu liumbwe. Akaligeuza ndani nje. Abdulla, kilikuwapo. Kipande cheusi cha ukubwa wa kiganja, mvuke umekilegeza, ukingo umeanza kuinuka. Klara akakilowesha kidogo, akakirudishia pasi, kisha akakishika pembeni kikiwa bado cha moto na kukivuta polepole, kama unavyombandua mtoto plasta. Hakikuchanika hata uzi. Chini yake palikuwa na tundu la zamani, la mviringo, kingo zake zimeungua. Tena kubwa kuliko langu! Mungu anisamehe, nilifurahi.

Dalia akakwangua gundi kwa kucha, akainusa. Ilikuwa uji wa unga wa ngano uliokauka. Mimi nilikuwa nakitazama kiraka. Hariri nyeusi, yenye majani madogo yaliyofumwa humohumo, huyaoni mpaka ukielekeze kwenye mwanga. Nikakijua.

Asubuhi ya harusi yako, Mama alijifungia chumbani na joho. Akanifungulia mlango kidogo tu, akaniagiza uji wa ngano, mzito, usio na chumvi wala sukari, na pasi ya mkaa. Nilimpelekea mwenyewe, nikidhani tumbo limemchafuka kwa wasiwasi. Alipotoka alisema joho liko tayari, na kuanzia leo haliguswi sindano. Dua gani, mdogo wangu! Mama aliliunguza kwenye chetezo kama mimi, akaogopa fundi asije akalifungua na kuona kazi yake ya uji. Na maisha yake yote alikuwa akitugombeza tusiache nguo juu ya moto.

Na kile kiraka, umeshakijua. Ni lile buibui la hariri ulilomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza. Alilivaa sikukuu moja, ya pili, kisha akasema limeliwa na panya. Ulivyokasirika! Ulinunua sumu, ukahamisha magunia yote ya stoo, hukupata panya hata mmoja, na Mama akakwambia wamehama.

Alikata kitu alichokipenda kuliko vyote ili usiende kwenye ndoa yako na tundu mgongoni. Halafu akabaki ndani na wanawake wenzake, wewe ukaenda msikitini na wanaume, na hukujua kwamba umeondoka naye. Hapo nililia mara ya pili, lakini kilio cha namna nyingine. Dalia naye akaanza. Klara, ambaye hata hamjui Mama, akaanza. Tukalia watu watatu na pasi inapoteza umeme bure.

Basi ikawa tuna matundu mawili. Klara aliufuta uji wote kwa kitambaa chenye maji, akaacha pakauke. Kiraka cha Mama tukakirudisha mahali pake kwa gundi mpya. Kwa tundu langu tulihitaji kitambaa cheusi, na cheusi cha dukani kina ubuluu, vipande vya fundi Adamu vinang'aa mno. Tulipokipata nitakueleza mbele kidogo.

Ujue kazi yenyewe, usije ukadhani ni ya mchezo. Klara alikata kiraka bila pembe, amekizungusha, kwa sababu pembe ndiyo inayoanza kuinuka. Gundi aliikata ndogo kidogo kuliko kiraka isije ikatokeza pembeni. Akaweka kitambaa chepesi juu yake. Pasi hakuisugua, aliikandamiza na kuinyanyua, kukandamiza na kunyanyua, maana ukisugua kiraka kinatembea. Kisha akasema tukiache kipoe. Mimi ningewezaje kukaa? Nikainua ukingo kuchungulia, chote kikabanduka mkononi mwangu.

"Bi Saadiya, toa mkono!" Nimefokewa katika nyumba ya baba yangu. Nikatoa mkono, nikaukalia. Mara ya pili kilipoa chenyewe, na tulipolivuta joho huku na huku hakikutikisika. Adhana ya Magharibi ikatukuta tunalitundika.

Harusi uliiona kwa vipandevipande vya video, kwa hiyo sitarudia. Pilau lilitosha na kubaki. Mkwe wetu Zuwena ameshaanza kunisahihisha jinsi ya kukata vitunguu, na nimempenda kwa hilo. Turki alikaa mahali pako kwa adabu zote.

Sasa kile kitambaa. Tulipokuwa tumekwama, Dalia aliinuka, akafungua kabati, akatoa koti lako jeusi, lile uliloliacha ulipoondoka. Unajua hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Analianika, analipiga brashi, analirudisha. Mwaka jana nilimshauri aligawe, tukanuniana wiki nzima. Akalilaza mezani, akafungua upindo wa ndani, akachukua mkasi. Nikamwambia, "Wifi, usikate." Akakata. Akasema, "Mwenyewe kashindwa kuja. Kipande chake kitakwenda."

Weusi ukalingana kabisa, Abdulla.

Kwa hiyo ulipomwambia mwanao ageuke ili uone mgongo wa joho, bibi yake alikuwa upande wa kushoto na wewe upande wa kulia. Nilimweleza Khalfani pale mlangoni. Alipeleka mkono nyuma, akapapasa mpaka akakupata, ndipo akaenda kupanda gari. Turki anasema hata alipokuwa mbele ya sheikh, kabla ya kusema nimekubali, alipeleka mkono nyuma tena. Watu walidhani anawashwa.

Klara aliniuliza jana kama avibandue viraka, maana pana fundi mmoja hodari wa kutarizi anayeweza kuyafuma matundu yasionekane kabisa. Nimekataa. Joho limerudi sandukuni na karafuu mpya, na Zuwena nimeshamwambia sharti la nyumba hii kuhusu sindano. Aliuliza sababu. Nikamwambia atajua akiozesha wa kwake.

Wasalimie wote mnaoishi nao hapo, na yule mpishi wenu anayekuficha sukari mpe salamu zangu maalumu. Dalia anakusalimu na atakuandikia mwenyewe, mimi sitaki kuyajua hayo. Khalfani na mkewe wanakuamkia shikamoo. Fundi Adamu na Klara wanakusalimu, ingawa Klara anakujua kwa kipande tu.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, azilainishe karatasi zako, na akurudishe kwetu ukiwa na afya, uje uwaone wajukuu wakati macho bado yanaona. Amin.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Saadiya

Nyongeza: Ukirudi ukafungua koti lako na kukuta pengo kwenye upindo, usinunue sumu. Ni panya yuleyule wa Mama.