Mwanadensi Hachezi

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Majina mawili kabla ya chai. Asali na Makaa. Asali ni yule wa manjano iliyoiva. Makaa ni mweusi tititi, tumbo la kijivu. Keith alitaka matatu. La tatu limegoma.

Niandike hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Siku hizi kazi yangu ni kubuni majina ya nyoka. Kampuni ilitusimamisha sote Juni, maana sisi tulikuwa watu wa mikutano na mikutano haipo. Nilikuwa naandika vipeperushi vyao. Keith ni jirani yangu wa upande wa kushoto, mzee wa Kiaustralia, mjane. Anafuga chatu gerejini. Anachagua dume hili na jike lile, miaka na miaka, mpaka apate rangi ambayo msituni haipo. Lokdauni imemjazia wateja. Watu wamefungiwa, wanataka kitu chenye uhai ndani ya nyumba. Aliniona nyuma ya nyumba na daftari, akaniuliza juu ya ua unaotutenganisha kama najua kuandika matangazo. Alitaka majina ambayo hayajasikika. Nikampa ya Kiswahili. Ati yanauza vizuri kuliko yake.

Mimi nyoka simwangalii hata kwa TV. Keith ananitumia video. Naisimamisha, natazama kwa jicho moja, naandika.

Binti yangu Melody ametoka chumbani mara moja leo. Choo.

Jumatano, 4 Agosti

La tatu limepatikana. Mwanadensi.

Ni wa dhahabu, mistari imekatikakatika, mzuri hata mimi nimekubali. Wako wanne, mayai ya jike mmoja, walianguliwa Januari. Kwenye video wanatikisa kichwa, kushoto, kulia, taratibu, kama mtu anayesikia muziki wa jirani. Nikaandika: "Mwanadensi. Chatu mwenye mdundo wake mwenyewe." Keith alicheka mpaka akakohoa, halafu akaapa kwamba hiyo si Covid.

Nimejivunia. Miezi miwili sijajivunia kitu.

Jumapili, 8 Agosti

Kanisa kwa Zoom. Mchungaji amehubiri juu ya Edeni. Nimezima kamera.

Dorcas akanipigia baadaye. Dorcas ni nesi hospitali ya Westmead, tulisoma pamoja Bungoma, ndiye mtu wangu hapa Sydney. Nikamwambia. Akasema: "Wee Nanjala. Mkristo mzima unapigia nyoka debe? Na Hawa naye alianza hivyo hivyo." Tukacheka. Alikuwa ametoka zamu, uso una alama za barakoa, lakini alicheka. Ameniambia nisithubutu kutaja kwa akina mama wa maombi, watafunga na kuniombea siku tatu.

Akauliza Melody yuko aje. Nikasema anasoma. Mtihani wa mwisho unakuja, na hawajui hata utafanywa lini.

Sikusema kwamba hajaniambia sentensi nzima tangu katikati ya Julai. Ananiandikia ujumbe kwa simu kutoka chumba cha pili. "K." "Sina njaa." Nimeogopa. Natega sikio mlangoni kusikia kama kiti kinalia.

Jumanne, 10 Agosti

Wanadensi watatu wameuzwa kwa siku mbili. Amebaki mmoja.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimefikiria majina siku nzima nikipiga pasi nguo ambazo hakuna mahali pa kuvaa.

Kwetu sisi Wabukusu jina halipambwi. Linasema ulikuja dunia ikiwa namna gani. Mimi Nanjala, nilizaliwa wakati wa njaa. Hakuna aliyeona haya kuniita hivyo mbele ya wageni. Dada yangu Nasimiyu, kiangazi. Nyanya aliyenilea alikuwa Nasike, alizaliwa nzige wakiwa wamefunika shamba. Ukiitwa, watu wanajua ulipitia wapi, wanakusogezea chakula au wanakusogezea kiti.

Melody nilimtoa kwenye kitabu cha majina pale Westmead, siku mbili baada ya kujifungua. Nilipenda sauti yake tu. Mama alipouliza kwa simu ni jina la nini, nikamtajia herufi zake. Alisema ni zuri. Alivyolisema nikajua hakulielewa.

Kumbe hii kazi ya Keith niliianza zamani.

Jumatatu, 23 Agosti

Kafyu imeanza kwetu upande huu wa magharibi ya jiji. Helikopta ya polisi juu ya reli. Kule ufukweni watu wanapigwa picha wakiota jua.

Barua pepe kutoka kwa mteja, mama mmoja wa mtaa wa Cabramatta. Majibu ya wateja naandika mimi, Keith hana subira. Anauliza kwa adabu sana: Mwanadensi wake anazidi kutikisika. Akitaka kula analenga panya na kukosa, analenga tena anakosa. Jana amejisokota mpaka tumbo likaangalia juu, hakujua njia ya kurudi. Je, atapoa akikua? Je, yeye mama anakosea wapi?

Nimempelekea Keith. Akasema nimjibu kwamba ndiyo tabia ya aina hiyo, apunguze kelele nyumbani.

Nimemjibu hivyo. Nikaweka na kiuso cha kutabasamu.

Jumanne, 24 Agosti

Sijatulia. Nimemwita Keith uani, kila mtu na barakoa yake, nikamwuliza waziwazi. Akanieleza bila kuficha chochote, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupanda nyanya. Ni neva. Rangi ile na kutikisika vinakuja pamoja, ndugu wa tumbo moja. Huwezi kupata dhahabu ile bila kichwa kile. Mwingine anatikisika kidogo, mwingine sana, na ukimshtua anazidi. Wafugaji wote wanajua. Asiyejua hakuuliza.

Nikasema, mimi niliandika anacheza.

Akasema, na umeandika vizuri.

Jumatano, 25 Agosti

Nimetazama ile video tena. Macho mawili safari hii. Hachezi. Anatafuta mahali kichwa kinapaswa kukaa.

Nimeona aibu. Sikuwa na haja ya kudanganya, sikulazimishwa. Neno lilikuja tamu nikaliacha lipite.

Alhamisi, 26 Agosti

Melody amekuja jikoni. Amevaa nguo za kutoka. Amekaa. Mikono yangu ilikuwa na unga, sikuthubutu hata kuinawa, nikaogopa ataondoka.

Ameongea dakika kumi. Kwa Kiingereza, kama kawaida yake, mimi kwa Kiswahili. Anataka kufuga nyoka. Leseni anayo, aliiomba mtandaoni Juni, wala sikujua. Ametazama maelezo yote, joto, tangi la kioo, chakula. Keith jirani anauza. Amebaki mmoja anayemtaka, wa dhahabu, anaitwa Mwanadensi. Amelitamka vizuri kabisa. Macho yake yalikuwa na uhai, Mungu wangu. Mwezi na nusu sijayaona hivyo.

Nikasema tutaona.

Nikasonga ugali ukaungua.

Ijumaa, 27 Agosti

Amekula mezani. Amenionyesha picha ya tangi.

Nimwambie nini. Nikisema ukweli, anarudi chumbani na mlango unafungwa. Nisiposema, atamleta nyumbani na atamwona akikosa panya, akijipindua, na atajiuliza yeye anakosea wapi. Kama yule mama wa Cabramatta. Mtoto mwenyewe ameshikilia uzi mwembamba na mimi ndiye nimeusokota.

Jumapili, 29 Agosti

Leo amecheka. Peke yake, kwa kitu kwenye simu. Nimesimama kwenye korido nikisikiliza.

Sijamwambia.

Jumatatu, 30 Agosti

Dorcas kwa simu. Nimemweleza yote. Hakunitania. Alisema wodini kuna mzee anatetemeka mikono, na familia ilimwambia ni baridi, miezi minane wanamwambia ni baridi. Daktari alipomtajia ugonjwa alilia, halafu akasema afadhali, nilidhani napungukiwa na akili.

"Mwambie mtoto," akasema. "Na wale wengine pia. Si unajua kuandika?"

Jumatano, 1 Septemba

Nimemwambia Keith nataka kuwaandikia wateja wote watatu. Alikasirika. Alisema nampaka matope kwa jambo ambalo kila mfugaji analifanya. Alisema mimi sijui chochote kuhusu nyoka. Kweli, sijui. Nikamwambia najua nilichoandika. Tulivutana hapo uani mpaka mbwa wa nyumba ya tatu akaanza kubweka.

Akasema basi kazi imeisha. Sawa.

Niliwaandikia. Barua moja, mara tatu. Jina nililibuni mimi, halisemi ukweli, ni ugonjwa wa neva, hautaisha, hamjakosea popote. Nikaweka jina langu lote, Nanjala na la baba. Sikuweka kiuso.

Ijumaa, 3 Septemba

Nimemwambia.

Tulikuwa mezani. Nilianza mbali, akanikatiza. Alijua kwamba mimi ndiye ninayeandika. Alijua tangu Asali. "Nani mwingine hapa Quakers Hill angemwita nyoka Asali, Mum?" Amekuwa akiyasoma yote, akiyangoja. Akasema tangu lokdauni nikimwongelesha ni mtihani, ni kula, ni kuoga, ni mtihani. Lakini yale matangazo yalikuwa na mcheshi fulani anayemkumbuka tangu utotoni. Ndiyo sababu alimtaka Mwanadensi. Kwa ajili ya lile tangazo.

Nikamwambia yaliyobaki. Neva. Kwamba yule mcheshi alificha ugonjwa.

Aliweka kijiko chini. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, mara ya kwanza sijui tangu lini: "Ulijua?"

Nikasema mwanzoni sikujua. Halafu nilijua siku kumi nikanyamaza.

Aliinuka, akaosha sahani yake, akaenda. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Jumatatu, 6 Septemba

Mteja mmoja amenitukana. Mmoja hajajibu. Mama wa Cabramatta ameandika ukurasa mzima. Anaishi peke yake, watoto wako Melbourne, mipaka imefungwa. Anasema kila siku ya kulisha alikuwa anakaa sakafuni na kulia, akidhani mikono yake ina kasoro, hata mnyama hawezi kumtunza. Sasa amejifunza kumsogezea panya mpaka mdomoni kwa koleo refu. Jana nyoka amekula mara ya kwanza kwa utulivu. Ananishukuru.

Nimeichapisha barua yake, nikaipitisha chini ya mlango wa Melody. Sikuandika kitu juu yake.

Jumanne, 7 Septemba

Mlango umefungwa. Sahani imerudi tupu.

Alhamisi, 9 Septemba

Saa nne asubuhi nimesikia sauti uani. Melody na Keith, ua katikati. Nimejificha nyuma ya pazia la jikoni, mtu mzima na akili zake.

Alikuwa anamwuliza maswali. Mengi, moja baada ya lingine. Anatikisika mara ngapi, akishtuka anakaa hivyo muda gani, mama yake yukoje. Keith alianza kwa mkato, mwisho akaegemea ua. Nikamsikia akisema huyo wa mwisho hamuuzi tena. Hakuna atakayemtaka baada ya barua za mama yako.

Melody akasema, mimi namtaka.

Jumamosi, 11 Septemba

Keith amepitisha boksi juu ya ua. Nilikuwa nyuma ya mlango wa kioo, siogopi kusema. Hakunisalimia. Juu ya boksi kulikuwa na lebo niliyoiandika Agosti, Mwanadensi, na chini yake kwa kalamu ya Keith, kwa Kiingereza cha herufi kubwa mbayambaya: NEVA. USIMSHTUE. Nikatoka. Nikamwambia asante. Akasema baridi imeanza kupungua.

Melody amemweka tangini. Halafu amebandua lebo yangu, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaniuliza, jina lako lina maana gani hasa. Nikamwambia. Njaa. Akauliza la dada yangu. La nyanya yangu. Nikamweleza yote, tumesimama hapo, mimi nikiwa mbali na tangi kama hatua nne.

Akauliza, na mimi ningeitwa nani?

Siku aliyozaliwa Westmead mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nesi aliweka taulo chini ya dirisha. Nikasema, Nafula. Wa mvua.

Alilisema mara mbili kwa sauti ndogo.

Jumanne, 12 Oktoba

Tumefunguliwa jana. Watu walipanga foleni kwa kinyozi. Mimi sikwenda popote.

Kwenye kioo cha tangi kuna kipande cha karatasi. Mwandiko wa Melody, Kiswahili chake cha kubahatisha: "Nasike. Alizaliwa wakati wa gonjwa. Anatikisika kichwa. Sogeza chakula karibu."

Nilipoona jina nilishtuka. Nyanya yangu aliyenilea, kwa nyoka. Nyumbani wangenitoza mbuzi. Nilifungua mdomo nimwambie haliwezekani, kwamba jina la mtu aliyekufa si la kuchezea. Kisha nikasoma mistari iliyobaki. Nyanya mwenyewe, miaka yake ya mwisho, tulimsogezea kijiko hivyo hivyo. Nikafunga mdomo.

Dorcas nitamwambia polepole.

Leo jioni ni zamu ya kulisha. Melody ameshika koleo. Kichwa kushoto, kulia. Amekosa. Amekosa tena. Melody akasogeza. Nilikuwa nimekaribia mpaka hatua moja bila kujua. Mara ya nne ameshika.

Nafula ameenda kuosha mikono. Mimi nimebaki hapo kidogo, nikazima taa ya juu ili Nasike asishtuke.