Divai ya Bei ya Kuku

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya tano Johannesburg. Chai, dawa ya presha, viatu, barabarani. Maduka matatu ya pombe leo, yote ya huku Turffontein. Rafu zimejaa divai ya Cape, ya hapa hapa nchini, hadi darini. Ya Ufaransa hakuna.

Orodha ya wakwe iko mkobani. Vitenge, suti ya baba, sufuria kubwa, chumvi, vyote vimeshapatikana. Kimebaki kitu kimoja: chupa sita za divai nyekundu ya Ufaransa, na kando yake "si ya hapa", imepigiwa mstari mara mbili. Mistari ni ya Papa Anselme, mjomba wa bibi harusi. Ndiye anayepokea mahari. Akikataa kitu kimoja, vyote vinarudi na waliovileta. Anasema familia isiyo na mwanaume haijui kutoa mahari.

Familia hiyo ni mimi. Patient ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimemlea tangu anatambaa. Sasa ni mlinzi wa geti, na anampenda Mireille, bibi harusi wake, mpaka anasahau kula. Jumamosi ndiyo siku. Hatarudi nyumbani na sufuria kichwani. Nimekataa.

Jumanne, 5 Agosti

Sandton, kwa matajiri, kwa treni ya mwendo kasi. Masikio yaliziba.

Divai ya Ufaransa ipo. Imefungiwa kwenye kabati la kioo, utadhani itatoroka. Chupa moja ni kodi ya chumba cha Patient ya mwezi mzima. Nikamwambia mwuzaji mwenye tai nataka ile wanayokunywa Wafaransa wenyewe na supu, siku ya kazi. Akaniangalia viatu.

Nimehudumia meza ya mapadri Lubumbashi miaka thelathini na mmoja. Divai yao ilikuja kwa makreti kutoka mashamba ya kusini mwa Ufaransa. Rahisi, na nzuri. Padri mzee alinifundisha: picha ya kasri kwenye karatasi ya chupa achana nayo, soma maandishi madogo ya chini. Kama imetiwa chupani shambani kwenyewe, mkulima ameweka jina lake rehani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule mwenye tai hajui hilo. Mimi najua, na nimerudi mikono mitupu. Nimekasirika mpaka miguu inauma.

Jumatano, 6 Agosti

Fordsburg asubuhi, kubadilisha kitenge kimoja chenye doa. Maduka ya Waislamu. Divai sikuthubutu hata kuitaja.

Jioni amekuja rafiki yake Patient, fundi wa kompyuta. Ana dawa: tununue divai ya hapa, atachapa karatasi za Kifaransa, tubandike chupani. "Tantine, étiquette njo kitu kidogo. Sharp, kesho iko tayari." Nikamwambia ajibandike mwenyewe.

Patient aliitazama orodha. Alikuwa anataka kukubali, nilimwona. Hilo limeniuma kuliko Sandton.

Niandike na ukweli mwingine, maana hapa hakuna wa kunisikia. Juzi nilionja divai ya hapa. Ni nzuri. Ningeiweka mbele ya askofu bila haya. Lakini Anselme hakuomba divai, ameomba tushindwe. Basi hatushindwi, na hatudanganyi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeipata!

Ng'ambo ya uwanja wa mbio za farasi kuna duka la Mreno mzee. Nilipita mara mbili nikidhani limefungwa. Nilipouliza, alicheka, akanionyesha rafu ya chini kabisa, nyuma ya mifuko ya mkaa. Chupa kumi na kitu zimelala kwenye vumbi. Anasema mteja aliyeziagiza alihama, na wengine hawazitaki, wanaona karatasi mbaya. Karatasi nyeupe, haina kasri, haina dhahabu. Nilivaa miwani. Kusini mwa Ufaransa. Imetiwa chupani shambani. Jina la mkulima.

Bei: kuku mmoja wa kuchoma na chipsi zake.

Sikumwamini mtu, nilinunua moja kwanza. Nyumbani nikatoa kizibuo changu. Mapadri walinipa siku ya kustaafu. Wengine walipewa redio. Nilinung'unika mwaka mzima. Leo nimewasamehe. Kizibo kilitoka kizima, kina unyevu. Divai inakaa ulimini, haiwashi, haina sukari ya kudanganyia watoto. Patient alikunywa, akatikisa kichwa. "Eish, mama." Nikarudi kabla Mreno hajafunga, nikabeba sita. Nilivuka robot, taa zao za barabarani, ikiwa nyekundu. Dereva alinitukana, nikampungia mkono.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepiga pasi. Nimefuta chupa vumbi. Naogopa. Karatasi ni mbaya kweli.

Jumamosi, 9 Agosti

Redio asubuhi: leo ni sikukuu ya wanawake nchi hii. Vema.

Nyumbani kwa Anselme, Rosettenville. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Upande wetu tumeazima mzee wa kanisani aseme kwa niaba yetu, maana mimi sihesabiki. Kila kitu kilipita. Zikaja chupa.

Anselme aliinua moja juu, watu wote waone ile karatasi. "Hii njo divai ya France? Muliitosha wapi, ku spaza?" Kicheko, maana spaza ni kibanda cha mkate na sabuni. Akaanza kutuhubiria: yeye divai ya Ufaransa anaijua, anainywa kila Jumapili, haijawahi kuvaa nguo kama hizi. Patient alitazama sakafu. Nikaona mahari inaelekea mlangoni.

Halafu akashika shingo ya chupa ili atufungulie tuone aibu yetu. Akazungusha. Haikuzunguka. Akafuta kiganja kwenye suruali, akazungusha tena, mishipa ikamtoka.

Divai za hapa, karibu zote, kifuniko ni cha kuzungusha. Ile ina kizibo.

Akaagiza kizibuo. Nyumba nzima hakuna. Wakaleta kisu. Wakaleta bisibisi. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini leo lilinyamaza. Kila mtu alikuwa anafanya hesabu moja: hizo za kila Jumapili, alikuwa anazifungua na nini?

Nilikuwa na maneno, nimeyanoa siku tano. Nikamwona Mireille ameuma mdomo, macho yamejaa. Nikayameza. Nikatoka nyuma, nikapita katikati ya wanaume, nikachukua chupa mkononi mwa mjomba. Kizibuo kutoka mkobani. Pop. Nikajimiminia mimi kwanza, nikaonja nimesimama. Miaka thelathini na mmoja nimemiminia wengine, nikaonja masalia jikoni. Leo hapana. Ndipo nikammiminia yeye.

Alikunywa. Akaongeza. Akageukia watu: "Munaona? Divai ya bei inajionyeshaka yenyewe."

Hapo sikuweza kujizuia. "Papa, bei yake ni kuku moja ya kuchoma."

Nikajua nimeharibu. Halafu mama yake Mireille akapasuka kicheko kule nyuma, "Basi mulete na kuku!", wanawake wote wakafuata, na mjomba alikuwa na glasi mkononi na sifa mdomoni. Angekataa vipi? Akapiga mkono mezani. Imepokelewa.

Nililia chooni. Kidogo tu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa Anselme ametuma mtu. Chupa tano zimebaki, hawana cha kuzifungulia. Anaomba kizibuo.

Nimempa Mireille. Kitakaa kwake. Mjomba akitaka kunywa, apige hodi kwa binti, aombe.

Jumatatu, 11 Agosti

Ndani ya basi, narudi kwetu Lubumbashi. Tumepita Polokwane. Nje majani makavu, ng'ombe wachache. Jirani yangu amelala, mdomo wazi.

Mkono umeingia mkobani mara tatu kutafuta kizibuo. Mazoea. Kuna miwani, dawa, pasipoti, na kizibo cha chupa ya kwanza. Nimekinusa. Bado kina harufu.