Bei ya Shafti ya Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma ya tanuri,
Jumapili mchana.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Habari za huko, na afya yako? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha? Wifi yangu hajambo? Mtoto ameshaanza kusimama dede? Sisi hatujambo kiasi. Mama anakusalimu sana, ingawa vifundo vya mikono vimemvimba kwa kukanda unga tangu shafti ya mashine ya kukandia ilipokatika ulipokuwa likizo. Mashine sasa inazunguka tena, lakini usishangilie kabla hujamaliza kusoma.

Nimetumia karatasi makusudi. Simu ya mama inasomwa na kila anayeingia dukani, na haya si ya wanunuzi wa mkate.

Kaka, maneno uliyoandika kwenye kundi la ukoo yaliniuma. Ulimwita baba mdogo mnyang'anyi, anayemkamua mjane wa ndugu yake kwa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mkono. Shangazi wakajibu kwa niaba yake, wewe ukawajibu shangazi, na tangu hapo baba mdogo hajakanyaga kwetu. Mama alikuwa akikanda huku analia. Nilimtania kwamba leo hatuhitaji kutia chumvi, hakucheka.

Kusema kweli, moyoni nilikuwa upande wako. Bei aliyotutajia ilikaribia nusu ya bei ya mashine nzima! Basi nikafunga ile shafti ya zamani kwenye kitambaa, vipande vyote viwili, nikaenda karakana kwake kumpa vidonge vyake.

Unanijua mdomo wangu. Baba mdogo aliniacha nikaongea mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akafuta kiti kwa shati lake. "Keti, Chiriku. Umeshaimba vya kutosha, sasa sikiliza."

Chuma chenyewe, akaniambia, ni sehemu ndogo ya bei. Kazi kubwa ni kukifunga kwenye mashine ya kukereza, kukinyoosha kisiyumbe na kunoa kisu, na kazi hiyo ni ileile akichonga shafti moja au ishirini. Sisi tulitaka moja, kwa hiyo moja inabeba mzigo wote peke yake. Halafu wewe, kwenye mchoro uliotuachia ulipomaliza likizo, uliagiza chuma kigumu kisichoshika kutu, kinachomaliza visu, wakati shafti hiyo haigusi unga hata kidogo. Kubwa zaidi ni vipimo. Ukimruhusu fundi akosee unene wa ukucha, anamaliza kabla chai haijapoa. Ukimtaka asikosee hata unywele, atakwangua, atapima, atasubiri chuma kipoe, apime tena. Wewe ulitaka unywele kila mahali, hata kwenye ncha isiyoshika kitu.

Nikafungua kitambaa ili anionyeshe. Kumbe hakuwahi kuletewa shafti yenyewe, tulimpelekea mchoro wako tu. Akaipitishia kidole gumba, taratibu, kikasimama kwenye mfereji mwembamba ulioizunguka. Akacheka kidogo. "Huu mfereji hakuuchonga mtu, mwanangu. Hapa chuma kimeliwa."

Ndiyo, kaka. Ulipima shafti iliyochakaa kwa kile kipimo chako kinachong'aa, ukauchora ugonjwa pamoja na mgonjwa. Pale penye kulika ndipo ulipoweka vipimo vikali kuliko kote. Tungelipa fedha nyingi kuchongewa shafti mpya ambayo tayari ni mbovu. Usijisikie vibaya, mimi niliiangalia kila siku na sikuona kitu.

Lakini kilichoniondolea usingizi ni kwamba baba mdogo naye hakuona. Yeye, aliyekuwa akisimama mlangoni kwetu na kumwambia mama beringi ipi imekufa kwa kusikia tu! Nikachukua mchoro nikamwuliza mbona hakushtuka kuuona mfereji huo. Akaniomba nimsomee namba. Nikamsomea moja, akaomba nyingine, na nyingine. Ndipo nikaelewa.

Haoni vizuri, kaka. Macho yake yamefunga ukungu, na amemficha kila mtu. Mchoro wako hakuusoma. Aliupeleka kwenye kile kiwanda chenye mashine za kompyuta, na bei aliyotutajia ni yao, na sababu zake alielezwa nao, hakuongeza hata senti. Aliona heri aitwe mwizi kuliko kusema kwamba hawezi tena kusoma kipimo.

Shafti tuliichonga sisi wawili, kwa chuma cha kawaida. Tulipima matundu ya beringi zenyewe tukapata unene wa kweli, na ukali wa vipimo tukauweka hapo tu. Yeye alizungusha gurudumu la mashine, mimi nikasoma kipimo kwa sauti. Mikono yake haijasahau kitu. Lakini niliona anavyoinamisha uso karibu na chuma kinachozunguka, mkono wa shati ukining'inia, na nikaogopa. Siku moja mashine ile itamdaka. Nimemsihi aende hospitali ya macho, akasema nisimletee mambo ya kizee. Ameniapisha nisimwambie mtu, na sasa nimekuambia wewe. Nivumilie, sina mwingine.

Usimtumie pesa, hataipokea. Mpigie simu. Kwanza umwombe radhi, na iwe kwa sauti, si kwenye kundi. Kisha umwambie aende hospitali, maana ni wewe tu ambaye yeye hajawahi kumkatalia jambo.

Wasalimie wifi yangu na mtoto, umbusu mashavu yote mawili. Mama na shangazi wote wanakusalimu, hata wale waliokununia. Mola akulinde uendako na urudipo.

Jambo moja limenikaa rohoni. Mchoro wako ameubandika ukutani karakana, juu ya meza ya kazi. Kila mteja anayeingia anaonyeshwa: "Huu amechora mwanangu, yuko mbali anasomea mambo haya." Kaka, ameubandika kichwa chini miguu juu, na hakuna mteja aliyethubutu kumwambia. Mimi pia sikuugeuza. Nakuachia wewe, uje uugeuze mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Chiriku