Mgongo Mwekundu

Jumanne, 16 Mei

Shamba la kusini tena. Mizeituni mia nane, yote imekauka, imesimama kama mifupa. Hakuna ndege hata mmoja. Wadudu wapo — wadogo kama punje za mchele, wamebeba ule ugonjwa unaokausha mizeituni. Tumenasa mia mbili kwa wavu, tumewapaka unga mwekundu mgongoni, tukawaachia. Tujue wanaruka umbali gani. Mzee Rocco, mwenye shamba, akasema hata mchawi huweka alama kabla ya kuua. Nilicheka. Njiani sikucheka.

Ijumaa, 19 Mei

Aliyekwenda mbali kuliko wote: mita mia. Wavivu hawa.

Jumapili, 21 Mei

Kwa Baba. Kilomita themanini kaskazini, huku kote bado kijani. Meza chini ya mzeituni wa babu, ule ambao watu watano wakishikana mikono hawawezi kuuzunguka. Maharage ya kuponda, mboga chungu, divai. Koti langu la kazi kwenye kisiki cha tawi, kama kila Jumapili. Ndiyo sheria ya ukoo: shida za kazi haziketi mezani. Tundika, mwanangu, alisema Baba, mti huu umebeba makubwa kuliko yako.

Alhamisi, 25 Mei

Kuna kitu garini. Kinagonga kioo — tik. Nimesimama, nimepekua mpaka chini ya viti. Hakuna. Nikawasha gari. Tik.

Jumapili, 28 Mei

Nimemwona. Juu ya kisiki, karibu na kola ya koti. Mgongo mwekundu.

Hakuruka. Nilimleta mimi. Jumapili ngapi nimetundika koti lile pale? Nimemtia kwenye kichupa. Baba akauliza nimeokota nini. Nikasema mbegu.

Jumapili, 4 Juni

Majibu ya maabara yalitoka Alhamisi: mdudu yule anao ugonjwa. Nikiripoti, watakata mzeituni wa babu na yote iliyo jirani. Nikinyamaza, kaskazini yote itakuwa kama kwa Mzee Rocco. Naogopa. Sijamwambia Baba.

Koti nimelifunga kwenye mfuko, huenda wamo wengine; liko garini, nilichome kesho. Naandika hapa mezani. Baba ameangalia kisiki. Koti liko wapi? ameuliza. Siku hizi unakula na shida zako? Amechukua funguo zangu, ameondoka akicheka. Nikimzuia, lazima niseme yote.

Amefungua mfuko. Anarudi nalo. Amefika chini ya mti, na kwa kuwa ni mtu nadhifu, analikung'uta kwanza —