Mawe ya Foleni ya Sukari

Dafroza wee, Boke amekwisha. Amekaa nyuma ya jukwaa hapa Butiama, hataki hata chai.

Ile tamthilia ya Kizungu isiyo na kichwa wala miguu, si unajua alivyoigeuza? Kule ni kofia zinazosubiri mlango ufunguliwe. Yeye akaweka mawe, yamepanga foleni ya sukari enzi za uhaba. Alitaka watu wacheke.

Hakucheka mtu. HATA MMOJA.

Katikati ya mchezo bibi mmoja akapanda jukwaani! Akaweka kikapu chake nyuma ya jiwe la mwisho. Boke akamkimbilia: "Bibi, huu ni mchezo tu."

"Mchezo gani? Tulikuwaga tunapanga mawe hivi hivi, tunaenda shamba, tunarudi."

Halafu akagusa jiwe la mbele yake. "Hili lilikuwa la Miriamu, jirani yangu. Alikufa sukari haijafika. Nikawa nalisogeza mpaka dukani."

Nikawa nalisogeza mpaka dukani!! Boke anarudia hayo tu.

Sasa watu wametoka, gari la Musoma linapiga honi. Tumeanza kukusanya mawe, tumefika kwenye lile la Miriamu, Boke akainua kichwa.

"Hilo msiliguse. Lina mwenyewe."