Viwanja vya Askari wa Nyota

Majengo, Gisenyi,
Rwanda.
16 Novemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Hamdani,

Asalaam aleikum. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu barua yako ya mwezi wa nane. Ningeweza kusema ni Ineza, anaota meno na hashuki mgongoni. Ningeweza kusema ni mvua, au kalamu. Lakini wewe unanijua, donc basi nisikudanganye: nilikuwa nimekasirika. Nilijiambia, nikiandika leo nitaandika maneno ambayo posta haiwezi kunirudishia. Sasa hasira imepoa, umebaki wivu tu, na mtu mwenye wivu anaweza kushika kalamu.

Afya yako vipi? Kifua chako kinaelewana na baridi ya Ubelgiji huko Liège? Unavaa ile sweta Mama alikufumia, ama umeificha kwa sababu ya rangi yake? Unakula chakula cha moto, au mikate mikate tu?

Sisi huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Mama goti linamsumbua akishuka kwenda sokoni, akipanda halimsumbui, hatujui ni goti la namna gani hilo. Ganza ameanza kusema uongo, ndiyo kusema akili imekuja. Shemeji yako Baba Ganza amerudi na minibus yake kwenye njia ya Kanama. Tangu kumetulia abiria ni wengi, viazi vinapanda pamoja na watu, na jioni anaingia ndani ananuka shamba. Shangazi wa Goma anavuka mpaka pale Grande Barrière kama zamani, anatuletea vitenge na maneno ya watu.

Bon. Tuje kwenye ile picha.

Picha uliyotia katika bahasha nimeiangalia mpaka pembe zimekunjika. Meza nzuri, taa nzuri. Askari wetu wa nyota wamepangwa safu safu, na nyuma yao kuna mkono wa binti, kucha zimepakwa, umemshika kapiteni wetu kiunoni kama mtu anavyoshika kijiko. Na chini ya miguu yao, Hamdani, majani ya kijani. Majani ya dukani! Mchanga wangu niliutafuta kwa askari mmoja mmoja, sikuona hata punje. Mmewakwangua wote.

Na barua yako umeiandika kama jirani anayeomba chumvi. Unasema, yaya, dada yangu mkubwa, tuma na ile nusu iliyobaki kwako, mchumba wangu Mutoni atawawekea viwanja vipya, kwa sababu klabu yetu ina mashindano mwezi wa kwanza na sheria inataka jeshi zima lifanane chini. Halafu ukaongeza kwamba vile vifungo vya koti vinawachekesha watu. Vinawachekesha! Hukuuliza hata kama nakubali.

Najua utamsomea Mutoni barua hii, maana umesema wazazi wake ni wa huku lakini yeye Kiswahili hakijui. Msomee yote, usiruke kitu. Mwambie jeshi hili lilianzaje, nadhani hujamwambia.

Mwambie kulikuwa na yule muzungu wa malori ya misaada aliyepanga chumba chetu cha mbele. Akaja na boksi la askari wa kuchezea wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa pingili ya kidole, kofia kama sufuria, bunduki kama mabomba ya maji, watu wa vita vya huko kati ya nyota. Wewe ulicheka kwanza. Halafu ukajifunza kurusha dadu, kupima hatua za askari kwa tepu ya Uwamariya fundi cherehani, na kuua jeshi la mpangaji wetu kila Jumapili mpaka akakasirika kwa Kifaransa. Alipohama alikuachia boksi na vikopo vya rangi. Wengi walikuwa wamepoteza vile visahani vya kusimamia, wanaanguka kama walevi. Mimi ndiye niliyemwomba Uwamariya vifungo vikubwa vya koti, nikawabandika juu yake. Mimi ndiye niliyeviita viwanja, kwa sababu nilisema hata askari wa nyota lazima awe na kiwanja chake.

Wewe ulipaka mwili, mimi nilitengeneza ardhi. Hukuwa na subira ya mchanga, kumbuka.

Na mchanga ule hauji wenyewe. Nilikuwa naufuata kule kwenye mawe meusi yaliyomwagwa na mlima wa moto, natwanga, nachuja kwa chujio la chai, naosha mpaka maji yatoke meupe, kisha naukaanga kwenye kikaango, maana mchanga wenye unyevu hukubali gundi leo na kuikataa kesho. Kapiteni nilimpa mwamba wa kukanyaga, kipande cha lile jiwe jepesi la Mama la kusugulia miguu, Mama akalitafuta nyumba nzima huku visigino vimempasuka. Mwamba huo hauko kwenye picha. Kapiteni amesimama kwenye majani kama ng'ombe.

Nilimwonyesha Uwamariya picha. Alicheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga mashine.

"We Saidati, uko nalia juu ya udongo? Udongo iko mingi hapa inje, chota!"

"Si udongo, ni kazi yangu."

"Eh! Sema wivu tu, nitakuelewa. Binti wa watu amekutoa mezani kwa mudogo wako."

Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni, akadakia bila kuinua kichwa: "Mutu anayemuonea wivu wifi ambaye hajafika, siku akifika atafanya nini? Atamfungia mulango?"

"Nitamfungulia, Mama. Lakini aje na mchanga wangu."

Na usifikiri Baba Ganza alinitetea. Alisema, "Mi nilikuwa na wivu na hao askari kabla yako. Ulikuwa unawapulizia ili wakauke, mi narudi na njaa, hakuna wa kunipulizia hata chai." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini nilicheka kwa meno tu.

Sikiliza, Hamdani, nikuambie ukweli wote. Ulipoondoka, nilibaki na nusu ya jeshi na nilijua kiti changu kiko. Nilisema, huko Liège hana mtu wa kumtengenezea viwanja, donc kila akiwapanga askari wake atanikumbuka. Nilikuwa nawapanguza vumbi hawa wa kwangu siku za Ijumaa. Sasa naona kiti kina mtu. Tena mtu mwenye taa ya kuinama shingo, mwenye meza isiyoliwa chakula cha mchana, mtu anayeweza kukaa na askari mmoja tangu asubuhi bila kuitwa na yeyote. Namwonea wivu hata ule ukimya wake. Mimi nikifungua kopo la rangi, Ineza analia. Nikilifunga, analala.

Na bado sijafika panaponiuma zaidi.

Niliazima kioo cha fundi saa, nikaiangalia picha tena, nikitafuta makosa ya Mutoni. Nilitaka makosa. Nikaona macho. Askari wale wana macho! Weupe na nukta nyeusi ndani yake, na hawatazami mahali pamoja. Mmoja anatazama pembeni kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Sisi tuliwaachia kivuli cheusi chini ya kofia, tukasema ndiyo giza la huko juu. Lilikuwa giza letu sisi, hatukuweza kutia macho.

Basi nikajaribu. Nilipunguza brashi kwa wembe ikabaki na nywele chache, Ineza amelala mgongoni, nikashika pumzi. Wa kwanza akatoka kama mtu aliyekanyaga nyoka. Nikamfuta. Wa pili makengeza. Ganza akasimama pembeni yangu, akamtazama kwa huruma, akauliza, "Mama, huyu anaumwa?" Nikaweka brashi chini.

Siku nyingine nikajaribu hata hayo majani yenu. Nilikwangua kuvu ya kijani ukutani nyuma ya choo, nikaikausha, nikambandikia askari mmoja wa kubahatisha. Yalipendeza, Hamdani. Wallahi yalipendeza, nikazidi kununa. Lakini baada ya siku chache yakawa ya kahawia na kupukutika, nami nikampa mchanga wake. Aliposimama kwenye meusi yake nilimwona ni wetu.

Kwa hiyo mwanzo nilimwonea Mutoni wivu kwa kiti. Sasa namwonea kwa kiti na kwa mkono. Mwambie hivyo hivyo, usilainishe. Sijui kusifia mtu kwa njia nyingine.

Sasa huu ndio uamuzi wangu, na usinipigie magoti kwa barua. Damascène, mtoto wa jirani yetu Nyirahabimana, anaondoka Jumamosi kwenda Kigali kisha Brussels. Atabeba boksi. Ndani iko nusu yote ya jeshi, hata yule aliyekatika mkono. Nimemfunga kila mmoja katika kipande cha kanga yangu kuukuu, sikumbakiza hata mmoja, ingawa jana nilimtoa mmoja nikamrudisha, nikamtoa tena.

Lakini wanasafiri na viwanja vyao, na hakuna kuwakwangua. Jeshi lifanane, sawa, sheria ni sheria. Basi lifanane kwa upande wangu. Kwenye mkebe wa maziwa ya unga nimekutilia mchanga wa wale mliowavisha majani. Umeshachujwa, umeoshwa, umekaangwa, msiufanye lolote. Gundi ya seremala iwe nyembamba, mchovye, mgonge kidogo, mwache hadi kesho yake. Kisha rangi nyeusi. Kisha brashi iliyopanguzwa mpaka iwe karibu kavu, na rangi ya majivu, mguse juu juu tu, kama unavyompanguza vumbi usoni mtoto aliyelala asiamke. Mkibonyeza mmeharibu.

Na kapiteni arudishiwe mwamba wake. Kama mmeutupa, niambie kabla Mama hajaniuliza.

Nyuso ziwe za Mutoni. Hata hawa ninaowatuma, awatie macho, nampa ruhusa. Viwanja ni vyangu. Nimejipima nikaona hapo ndipo ninapoweza kugawana naye. Zaidi ya hapo nitakuwa nasema uongo. Kama watu wa klabu watacheka vifungo, wacheke, koti pia lina vifungo na wanalivaa. Na mkiamua kukwangua licha ya haya yote, msinitumie picha nyingine. Nitaendelea kukuandikia, wewe ni mdogo wangu. Lakini habari za meza hiyo usiniandikie tena.

Basi nimesema. Mkono umechoka na huyu wa mgongoni anaamka.

Mama anakusalimu sana, anasema usioe kabla ya kumletea binti amwone, na asije na kucha ndefu msimu wa viazi. Baba Ganza anakusalimu. Ganza anasema ana baiskeli, usimwamini. Shangazi wa Goma na Uwamariya wanakusalimu. Nisalimie wazazi wa Mutoni, na Mutoni mwenyewe umsalimie kwa jina langu, si kwa jina la familia.

Mfungo unakaribia, tuombeane. Mungu akukinge na baridi na maneno ya watu, akupe riziki isiyokutenga na wako, na siku ukirudi akukutanishe nasi sote tukiwa mlangoni.

Ni mimi yaya wako akupendaye, hata nikiwa na wivu,
Saidati, Mama Ganza

Damascène akirudi mwezi wa pili, nahitaji hivi. Brashi ndogo kuliko zote dukani, ya nywele za mnyama, si ya plastiki. Nyingine bapa ya brashi kavu, hata ikiwa kuukuu yako. Kopo la rangi ya majivu na moja la rangi ya mfupa, yangu yamekauka nikayaongezea maji mpaka yamechoka. Ile varnishi isiyong'aa, ya hapa inang'aa kama mafuta ya nywele. Gundi kali, mfuniko ukazwe. Soksi ndefu ya goti la Mama, mguu wa kushoto. Kitu cha kutafuna cha Ineza. Askari watatu wasiopakwa, wangu mwenyewe, wasiohesabiwa katika jeshi lako. Na karatasi moja iliyoandikwa na Mutoni kwa mkono wake, kwa Kifaransa chepesi, anieleze namna ya kutia macho: anaanza na nyeupe au na nyeusi, anapumua wakati gani, na akikosea anafanyaje.